AFYA YA NYUMBA: APIGANAYE USINGIZINI

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika nyumba za askari mjini Kigali, kama katika nyumba nyingine zote, wamo wake waujuao ukweli huo. Mume ni mpole mchana kutwa, lakini usiku wa manane hupiga kelele, hurusha ngumi, au huinuka akafungua mlango bila kujitambua. Kukicha mke ana alama shavuni, naye mume huuliza kwa mshangao, "Umejigonga wapi?" Mke hunyamaza kwa aibu. Jirani hunong'ona kuwa bwana yule amerogwa.

Huo si uchawi. Ziko hali tatu zipasazo kutofautishwa.

Ya kwanza ni kutembea usingizini. Hutokea zaidi saa za mwanzo za usiku, usingizi unapokuwa mzito. Mtu hufumbua macho, hutembea, hata hujibu maneno, na kesho yake hakumbuki lolote. Kukosa usingizi, kama baada ya zamu za usiku, huichochea hali hiyo.

Ya pili hutokea katika usingizi wa ndoto. Kwa kawaida mtu aotapo viungo hulegea, ndiyo sababu aotaye anakimbia hatoki kitandani. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume waliopita miaka 50, kufuli hilo hukatika. Akiota anapambana na mwizi, ngumi humwangukia mwenzake. Daktari Carlos Schenck na wenziwe walieleza maradhi hayo huko Marekani mwaka 1986. Yafaa yachunguzwe mapema, kwani huweza kutangulia kwa miaka mingi maradhi ya Parkinson, yaani ya kutetemeka viungo.

Ya tatu Wanyarwanda waijua kwa uchungu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, neno ihahamuka lilienea kutaja jeraha la moyo lililowabakia watu. Ndoto za kutisha ni dalili yake mojawapo, nazo huweza kuzidi siku za kumbukumbu zianzapo kila tarehe 7 Aprili.

Je, mke afanye nini? Asimshike wala kumtikisa anayepigana. Ajitenge kando na kumwita jina kwa sauti ya upole. Anayetembea aongozwe taratibu kurudi kitandani. Kumwamsha hakumwui, ila humshtua. Visu na panga visikae chumbani, mlango ufungwe vema, na silaha ya kazi irudishwe ghalani. Pombe iachwe, maana huuvuruga usingizi. Ikibidi, kila mmoja alale kitanda chake mpaka tiba ipatikane. Kufanya hivyo si talaka. Na mume mwenye mke wa hali hii afuate mashauri yayo hayo.

Kisha waende pamoja kituo cha afya, ambako wataelekezwa, ikihitajika, kwenye hospitali kubwa kama ile ya jeshi Kanombe, au ya Ndera itibuyo maradhi ya akili. Askari asione haya: kutibiwa usingizi si woga.

Lakini usingizi usifanywe kisingizio. Apigaye akiwa macho, akachagua wa kumpiga na sababu ya kumpiga, huyo haumwi usingizi. Mke wa mtu huyo ana haki ya kwenda kituo cha Isange, huduma iliyoanzishwa katika hospitali ya polisi ya Kacyiru mwaka 2009.

Siri ya mtungi iulize kata. Mgonjwa wa usingizi hajioni, hivyo daktari humtegemea aliye ubavuni mwake. Basi mke aandike, kwa majuma mawili, saa ya tukio, alilofanya mumewe, na kama alilikumbuka asubuhi. Karatasi hiyo moja itamfaa mumewe kuliko miaka mingi ya kuficha shavu kwa kitambaa.