Somo Moja, Daftari Mbili

Katika majimbo mengi ya Marekani, kijana wa shule ya sekondari aweza leo kusoma somo mara moja na kuandikiwa mara mbili. Hesabu au historia aliyojifunza kwa muhula mmoja huingizwa katika daftari ya shule yake, ikamsaidia kupata cheti cha sekondari. Somo lile lile huingizwa pia katika daftari ya chuo, likamngoja huko hata siku atakapoingia akiwa mwanachuo kamili. Tunautazama mpango huu katika safu yetu ya leo kwa sababu unagusa jambo ambalo kila askari na kila polisi analijua nyumbani kwake, nalo ni thamani ya miaka ya mtoto na hasara ya kuipoteza.

Kwanza yafaa msomaji aelewe jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Vyuo vya Marekani hupima masomo kwa kipimo kiitwacho krediti. Somo la kawaida la muhula mmoja huwa na krediti 3. Digrii ya kwanza huhitaji krediti 120 hivi, na digrii ndogo ya miaka 2, itolewayo na vyuo vya jamii, huhitaji 60 hivi. Basi kijana aliyemaliza masomo 10 ya namna hii kabla ya kutoka sekondari ana krediti 30, nazo ni sawa na mwaka mzima wa chuo.

Masomo hayo hutolewa kwa njia tatu. Katika njia ya kwanza, mwanafunzi huenda chuoni na kukaa darasa moja na wanachuo. Katika ya pili, chuo humkubali mwalimu wa sekondari mwenye elimu ya kutosha, naye hufundisha somo la chuo pale pale shuleni, kwa mtaala na mitihani iliyoidhinishwa na chuo. Katika ya tatu, somo hufika kwa intaneti. Njia ni tatu, lakini daftari ni zile zile mbili.

Jambo hili si la jana. Chuo Kikuu cha Connecticut kilianza kutoa masomo yake katika shule za sekondari mwaka 1955. Mwaka 1972 wakuu wa shule za eneo la Syracuse, katika jimbo la New York, walikiendea Chuo Kikuu cha Syracuse na malalamiko ambayo mwalimu yeyote atayatambua. Vijana hodari wa mwaka wa mwisho walikuwa wamekwisha kutimiza masharti ya cheti, wakawa wanakaa darasani bila kazi ya kuwashughulisha. Mwaka uliofuata chuo hicho kikapeleka masomo yake katika shule hizo. Mwaka 1985 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria iliyowaruhusu wanafunzi wa miaka 2 ya mwisho ya sekondari kusoma chuoni kwa fedha za umma, na jimbo la Washington likafuata mwaka 1990. Katika mwaka wa masomo wa 2022–23, karibu wanafunzi milioni 2.5 wa sekondari nchini Marekani walisoma angalau somo moja la chuo.

Faida yake iko wazi kwa mtu mwenye mshahara mdogo. Muhula mmoja unaopunguzwa chuoni ni karo isiyolipwa na chumba kisichopangishwa, na kijana huanza kujitegemea mapema zaidi. Zaidi ya fedha, kijana ambaye nyumbani kwao hajapata kutokea mtu aliyesoma chuo huona kwa macho yake kwamba mlango ule hauna mzimu. Taasisi moja ya utafiti ya huko, American Institutes for Research, ilitoa mwaka 2013 taarifa juu ya shule 10 zilizochanganya sekondari na chuo, ambazo wanafunzi wake walipata nafasi kwa kupigiwa kura ya bahati. Katika kipindi cha utafiti, 22 kati ya kila 100 waliopata nafasi walikuwa wamekwisha kupata digrii, nyingi zikiwa za miaka 2. Miongoni mwa wale waliokosa nafasi, waliofanya hivyo walikuwa 2 tu kati ya kila 100.

Hata hivyo haifai kusifu bila kupima. Mpango huu una mitego, na wazazi wengi wa Marekani wameijua baada ya watoto wao kunaswa.

Mtego wa kwanza ni kwamba daftari ya chuo haifutiki. Kijana wa miaka 16 akishindwa somo la chuo, alama zile mbaya hubaki katika hati yake ya matokeo, na huweza kuhesabiwa juu yake atakapoomba msaada wa masomo akiwa mtu mzima. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli. Lakini kuruta asiyejua kushika bunduki hapelekwi mstari wa mbele ati kwa kuwa ni kijana. Aliye tayari na aingie, na asiye tayari na asubiri muhula mwingine. Kungoja si aibu.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Kupewa krediti ni jambo moja, kukubaliwa ni la pili, na kutumika ni la tatu. Chuo kilichofundisha chaweza kuandika krediti 3, lakini chuo anachokwenda kijana baadaye kikakataa kuzitambua. Vipo vyuo vikubwa vya binafsi ambavyo havikubali somo lililokwisha kutumika kwa cheti cha sekondari. Vingine huzikubali krediti, lakini huziweka pembeni kama masomo ya hiari, hata zisipunguze lolote katika kazi ya uhandisi au uuguzi aliyoichagua mwanafunzi. Kijana kama huyo amebeba mzigo njia nzima, na mwisho wa safari anaambiwa kwamba sokoni haununuliwi. Baadhi ya majimbo yametunga kanuni za kupunguza hasara hiyo. Huko Texas, kwa mfano, vyuo vya umma vina masomo ya msingi ya krediti 42 ambayo kila kimoja hutakiwa kuyapokea kutoka kwa chuo kingine cha umma. Lakini kanuni ya jimbo huishia mpakani mwa jimbo.

Mtego wa tatu ni wa haki. Mahali pengine karo imefutwa, lakini vitabu, ada ndogondogo na nauli vimebaki juu ya mzazi. Matokeo yake ni kwamba watoto wa maskini na watoto wa watu weusi ni wachache katika madarasa hayo kuliko idadi yao shuleni. Mpango uliokusudiwa kumpunguzia maskini gharama huweza kumnufaisha zaidi yule aliyekuwa nazo tangu mwanzo.

Sasa msomaji aliyevaa sare atauliza: haya yananihusu nini? Yanamhusu sana. Askari ni mtu wa uhamisho. Amri huja leo, na kesho kutwa jamaa yake wamo juu ya lori pamoja na magodoro na masufuria. Huko Marekani hukadiriwa kwamba mtoto wa askari huhama shule mara 6 hadi 9 tangu aanze chekechea hata amalize sekondari. Kila uhamisho ulikuwa na balaa yake. Shule mpya ilidai somo ambalo shule ya zamani haikulifundisha, au ilikataa somo ambalo mtoto alikwisha kulifaulu. Kwa sababu hiyo ulitungwa mkataba baina ya majimbo kuhusu elimu ya watoto wa wanajeshi, ukaanza kutumika mwaka 2008, na sasa majimbo yote 50 yameutia sahihi. Kwa mkataba huo, shule ya umma inayompokea mtoto wa askari hutakiwa kuangalia alichokwisha kusoma kabla ya kumrudisha nyuma. Lakini mkataba ule ni wa shule, wala hauvifungi vyuo. Mtoto mwenye krediti za chuo cha jimbo moja, baba yake akihamishiwa jimbo jingine, bado hana budi kubisha hodi upya kwa kila mlango.

Aidha, daftari hizi mbili hufika mpaka katika ofisi ya kuandikisha askari. Jeshi la Marekani humwanzisha kuruta mwenye krediti za kutosha za chuo katika cheo kilicho juu ya kile cha kuruta wa kawaida, na hivyo mshahara wake huwa juu zaidi tangu siku ya kwanza. Basi somo alilolisoma mtu akiwa sekondari laweza kuonekana begani mwake.

Na kanuni hiyo hiyo imetumika ndani ya kambi. Tangu mwaka 1945, baraza liitwalo American Council on Education limekuwa likiyapima mafunzo ya kijeshi na kuvishauri vyuo vya kiraia ni krediti ngapi zinazostahili kutolewa kwa kila kozi. Mwaka 1972 Jeshi la Anga la Marekani liliunda chuo chake cha jamii, ambamo fundi wa ndege au mtu wa rada huhesabiwa kozi zake za kazi katika kupata digrii ndogo ya miaka 2. Kwa upande wa polisi, huko California vyuo vingi vya jamii ndivyo viendeshavyo mafunzo ya awali, na kuruta wa polisi hutoka na krediti mkononi.

Afrika ya Mashariki nayo haikulala. Katika Chuo cha Kijeshi cha Rwanda kilichoko Gako, makadeti wa kozi ndefu hupata kamisheni pamoja na digrii ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Huko Monduli, nchini Tanzania, chuo cha maofisa kimeshirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha kutoa Shahada ya Sayansi ya Kijeshi. Mwandishi wa maneno haya alipita katika shule ya kadeti, na anajua kwamba usomaji wa ramani, sheria za kijeshi, uongozi na utunzaji wa vifaa ni masomo kamili yenye mitihani kamili. Hapana sababu ya kumtaka mtu ayaanze tena kwa alifu eti kwa kuwa aliyafundishwa na sajini meja badala ya profesa.

Kutokana na haya yote twaona fundisho moja. Daftari ya pili haina thamani kwa sababu ya yule aliyefundisha peke yake; thamani yake hutoka kwa yule atakayepokea. Mwalimu akiandika na mpokeaji asitambue, kilichoandikwa ni karatasi. Kwa hiyo ahadi ya mpokeaji haina budi kutangulia mafunzo, tena iwe ya maandishi. Anayetafuta ahadi baada ya kumaliza kozi amechelewa.

Tunawashauri ndugu zetu wa majeshi na wa polisi mambo haya. Mwenye mtoto, au mwenyewe, anapoahidiwa kwamba kozi fulani "itahesabiwa" mahali pengine, na aulize maswali manne kabla ya kulipa hata senti moja: Itahesabiwa na chuo gani? Katika fani gani? Kwa alama zipi za chini? Na nani ametia sahihi? Wale watakaobahatika kupelekwa masomoni ng'ambo wawaulize wenyeji wao, kabla ya kupanda ndege ya kurudi, kama kozi yao imepimwa kwa krediti, nao warudi na hati yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali. Hati za matokeo, mitaala na barua za vyuo zitunzwe mahali pamoja, na siku ya uhamisho ziwe za kwanza kupakiwa, si za mwisho.

Kwa wakubwa wetu tunasema kwa heshima: Ofisa Elimu wa kikosi asiwe mtu wa kuandika barua za likizo ya masomo tu. Na apewe kazi ya kuzungumza na vyuo vya kiraia, ili kozi za ufundi, udereva wa mitambo, uganga, upelelezi na mawasiliano zipimwe na kukubaliwa kabla kuruta hajaingia darasani. Na amri ya uhamisho inapotolewa katikati ya mwaka wa mitihani, mkubwa anayeitia sahihi akumbuke kwamba yuko na mtoto anayehamishwa, ambaye hakula kiapo.

Askari hutoa ujana wake kwa taifa, na ujana hauna fidia. Lakini saa alizokaa darasani, yeye na watoto wake, zaweza kuhifadhiwa zikiandikwa vizuri na kutambuliwa kwa haki. Jambo hilo halihitaji silaha mpya wala bajeti kubwa. Lahitaji kalamu na sahihi mbili, na watu wawili walio tayari kuketi meza moja kabla mafunzo hayajaanza.