Kurudia Neno Hakumleti Mgeni

Mwandishi anayewashauri wenye hoteli warudie "hoteli Zanzibar" katika kila aya ili Google iwapandishe juu anawapotosha, na gharama wanaibeba wafanyabiashara wadogo. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiitazami kabisa ile orodha ya maneno inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa. Mwaka 2011 ikaleta Panda, kanuni ya kupanga matokeo iliyoshusha kurasa zenye maandishi hafifu. 2012 ikaja Penguin, dhidi ya viungo vya kununuliwa kutoka tovuti nyingine na maneno yaliyorundikwa. Ushauri huo umepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka kumi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni jingine kabisa: kurasa zote za tovuti zina kichwa kimoja, "Karibu". Mgeni anayetafuta chumba cha watu wanne Paje, chenye kifungua kinywa, atakipataje? Kila ukurasa upewe kichwa chake, kinachosema kilichomo. Bei iandikwe kwa maandishi, isizikwe ndani ya picha ya bango. Picha zenyewe zipunguzwe uzito, maana Google husoma kwanza toleo la simu, na mteja naye yuko kwenye simu. Na aliyekwisha kununua viungo vile vinavyolengwa na Penguin aombe viondolewe leo.