Kodi ya meza inalipwa kila siku. Na nafasi ya kusema, iko wapi?

Bandugu vijana ba Lubumbashi,

Kila asubui kwa soko ya Kenya, ya Katuba, ya Njanja, mama hajauzisha hata meka moja ya unga, mutu wa kodi ameisha kupita. Mama analipa. Mvua ikinyesha, meza inakaa mu matope, kodi ni ileile. Hatusemi kodi ifutwe: muji bila kodi haiwezi kutengeneza njia hata moja. Tunauliza kitu ingine. Huyu mama mwenye analipaka kila siku, ni wakati gani meri inamwita kwa kupanga namna makuta itatumika?

Bakubwa ba kampuni beko na mlango. FEC, mtoto wa ile ANEZA ya 1972, ikipiga hodi kwa gavana ao kwa meya, inafunguliwa. Ni haki yao. Lakini bauzishaji ba makala na ba kapenta, bashonaji, bafundi ba mbao, nao beko na mashirika: rais, sanduku, na likelemba yenye inazika bafu na kulipa masomo ya batoto. Hawa banaitwa siku ya kufagia soko, ao siku mukubwa anapita na kunatafutwa bamama ba kuimba. (Vitenge vya siku ile, hivyo havikosekanaka.)

Sheria si yenye inakosa. Ile ya 2 Agosti 1979 inaachia Wakongomani biashara ndogo. Ile ya 8 Februari 2017 inasema kazi zenye kampuni kubwa zinagawa inje, kama vile za migodi, ziende kwa kampuni za Wakongomani. Muzuri sana kwa karatasi. Lakini fundi wa Kampemba mwenye hajue namna ya kuandika dosie, ile kazi atasikia tu imekamatwa na mwingine. Hapo njo muji inaweza kusaidia: biro moja kwa kila komini, mutu moja mwenye kujua karatasi, na shirika la bafundi linaleta bantu yake pale. Bei yake haishinde ile ya sherehe moja.

Tuwe wazi pia na mashirika yetu. Bahasha ya mbele ya uchaguzi si msaada. Rais wa shirika mwenye anaikamata gizani, kesho meza zikibomolewa atasema nini?

Sheria ya 7 Oktoba 2008 inapatia muji na komini bajeti yao yenyewe, yenye kupitishwa na bashauri. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura ya bashauri ba komini. Basi, mbele ya kupitisha bajeti, baite mashirika kwa barua, na jibu litoke kwa barua. Na kwa mlango wa kila soko kutundikwe karatasi: mwezi huu kodi iliingia ngapi, ngapi ilirudi kwa choo, kwa maji, kwa taa.

Wiki hii, ukienda kununua unga ya bukari, uliza mama jina la shirika lake, na kama kuna mutu kwa komini mwenye analijua. Andika jibu, utuletee. Tutaenda nayo kwa burgumestre, komini kwa komini, zote saba.