Sindano ya Shingo: Uliza Kwanza Inaingia Wapi



Miezi miwili iliyopita, baada ya kikao cha akina mama kanisani, mama mmoja alinivuta pembeni. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukimsumbua kwa wiki tano. Maumivu yalianzia shingoni, yakapita begani na kushuka mpaka kidole cha kati, nacho kilikuwa kimekufa ganzi. Usiku alilala ameketi. "Dada nesi," akasema, "kuna kijana wa duka la dawa mtaani kwetu, anasema atanichoma sindano ya steroidi hapa hapa shingoni na kesho nitaamka mzima. Nikubali?"

Nilimkataza. Sababu zake naona yafaa nanyi mzijue.

Shingo ina pingili 7. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa mbili za juu kabisa, kuna diski, kitu laini kama kimto. Diski ikichakaa huweza kupasuka ukingoni, kiini chake kikatokeza nje na kuubana mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi. Mshipa huo huvimba, na mkono huuma ingawa ugonjwa uko shingoni. Maskini mama huyu alikuwa ameuchua mkono kwa dawa mpaka ngozi ikababuka.

Steroidi hutuliza uvimbe huo, lakini hairudishi diski mahali pake. Kazi kubwa hufanywa na mwili wenyewe: kwa wagonjwa walio wengi maumivu hupungua katika wiki au miezi michache bila kupasuliwa, na mara nyingi kile kilichotokeza husinyaa. Sindano ikimkubali mgonjwa, humpa nafuu ya muda, apate kulala na kufanya mazoezi. Wengine hawaoni nafuu yoyote.

Tena hii si sindano ya kuchomwa takoni. Dawa huwekwa katika nafasi nyembamba sana, nje kidogo ya utando unaofunika mshipa mkuu wa fahamu. Daktari aliyeisomea kazi hiyo huiongoza sindano huku akitazama picha ya eksirei. Karibu na hapo hupita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na baadhi ya steroidi zina chembechembe zinazoweza kuiziba. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba, ingawa ni mara chache, watu wamepata kiharusi, upofu, kupooza, na wengine kufa. Huko huko, mwaka 2012, steroidi iliyoingiwa na kuvu kiwandani iliwaugua watu zaidi ya 750, na zaidi ya 60 walifariki. Basi mtu wa dukani, asiye na eksirei, ataonaje ncha ya sindano iko wapi?

Daktari wa hospitali akikushauri sindano hii, usiogope kumwuliza ataiongoza kwa picha gani na atatumia steroidi ya aina gani. Mwambie kama una kisukari, kwa kuwa sukari hupanda kwa siku kadhaa. Mwambie kama una mimba, homa au jipu, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hizo usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Lakini mkono ukiishiwa nguvu hata vikombe vinakuponyoka, au miguu ikiyumba, au mkojo ukitoka bila kujua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama yule nilimsindikiza hospitali. Daktari alimpima nguvu za mkono, akampa dawa za maumivu na mazoezi, akamkataza ndoo ya kichwani. Sasa maji huchotwa na wanawe wa kiume, ambao hapo mwanzo walinuna sana. Analala kitandani tena. Kidole bado kina ganzi kidogo, na mwezi huu tunarudi pamoja kwa daktari.