Mgonjwa Asinyamaze

Wapo wagonjwa wa figo wasafishao damu zao nyumbani kwa dawa ya maji itiwayo tumboni kwa mrija, aghalabu mara 4 kwa siku. Mgonjwa huyo alazwapo hospitali kwa maradhi mengine, huenda muuguzi wa wodi hajapata kuuona mrija huo. Basi twawausia wasomaji wetu: mgonjwa asione haya kusema, "Dada, tafadhali nawa mikono, ufunike pua na mdomo kabla ya kuugusa." Na maji yakitoka yana ukungu, amwarifu daktari saa ile ile, kwani ni dalili ya uambukizo uwezao kuua. Jamaa nao wachukue orodha ya dawa zake na vipimo vya maji yake. Adabu si kunyamaza. Adabu ni kusema kweli kwa upole.