Jua la Utosini ni Adui wa Picha

Picha nyingi nizionazo za Msikiti wa Jamia wa Isiolo zimepigwa adhuhuri, nami sikubaliani nazo. Isiolo i karibu na ikweta. Saa sita jua huwa utosini, kuta zikafifia, minara ikakosa umbo. Ngojeni saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya alasiri: mwanga huja ubavuni, na kila dirisha hupata kivuli chake. Tena kibla huko ni takriban kaskazini. Basi ukuta wa kibla, kwa nje, hupigwa na jua mwezi wa Juni, na Desemba hushinda kivulini. Jengo likibomolewa, picha ndiyo shahidi. Na shahidi asiyeona vyema, ushahidi wake una faida gani?