Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone. Na Mgeni Akifa Je?

Leo tunaweka cherehani pembeni kidogo. Tunataka tuongee kuhusu wanajeshi wanaokwenda nchi ya watu kuokoa wenye maafa, kisha wao wenyewe hawarudi kwao.

Tukumbuke Nepal. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko liliua watu karibu 9,000 katika nchi ile. Marekani ilipeleka wanajeshi na helikopta kusaidia. Tarehe 12 Mei, siku ardhi ilipotikisika tena kwa nguvu, helikopta yao moja iliyokuwa ikipeleka misaada na kubeba majeruhi ilianguka milimani. Mabaki yake yalipatikana siku tatu baadaye. Waliokuwemo walikufa wote: wanajeshi sita wa Kimarekani, wanajeshi wawili wa Nepal na raia watano wa Nepal. Mgeni na mwenyeji walikufa pamoja.

Kuna atakayesema Nepal ni mbali, watu wa Bunda na Butiama inatuhusu nini? Inatuhusu sana, maana sisi ni watu wa ziwa. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa miili ya ndugu zetu. Kuingia ndani ya meli iliyopinduka, gizani, ni kazi ambayo mtu anaweza asitoke. Kama mmoja wao angefia humo, jina lake tungeliandika wapi? Nani kati yetu angelitaja leo?

Na wetu pia huenda kwa watu. Machi 2019, baada ya kimbunga Idai, ndege za JWTZ zilibeba dawa na chakula kwenda Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Huko Congo walinzi wetu wa amani wasiopungua 14 waliuawa Semuliki tarehe 7 Desemba 2017. Ile ilikuwa vita, si mafuriko wala tetemeko, lakini walikuwa wageni waliokwenda kulinda raia wasiowajua. Baadhi ya miili ililetwa Zanzibar, na dada zetu wa visiwani mnaukumbuka msiba ule kuliko sisi. Tulitamani nini kutoka kwa Wakongo? Tulitamani wajue kwamba wale walikuwa watoto wa watu, na kwamba hawakufa bure. Basi tunalotamani wetu watendewe, tuwatendee wa wenzetu.

Tunasikia hoja kwamba askari analipwa mshahara, hiyo ni kazi yake. Ni kweli analipwa, lakini hakuna mshahara unaolingana na uhai. Wengine wanasema majeshi ya mataifa makubwa yamefanya mabaya mengi duniani. Hilo nalo hatulikatai. Lakini aliyekufa akibeba majeruhi tunamheshimu kwa tendo lake, siasa za nchi yake ni habari nyingine. Na wapo wanaosema tuanze kwanza na mashujaa wetu waliolala Kaboya. Sawa, tuanze nao. Kumwombea mgeni hakupunguzi dua ya wa nyumbani.

Sisi mafundi huletewa kitenge cha sare ya msiba, tukashona usiku kucha ili familia ionekane kitu kimoja asubuhi. Mjane wa askari aliyefia ugenini ana ndugu zake na anayo bendera aliyokabidhiwa. Anachokosa ni mtu mmoja wa kule mumewe alikofia, aje amwambie, "Mama, pole. Mumeo alikuja kwetu, tulimwona." Hilo serikali haiwezi kulifanya kwa niaba yetu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunapowaombea askari wetu kanisani na msikitini, tuwataje pia wageni waliokufa wakiokoa watu. Pili, kila panapojengwa mnara wa maafa, waokoaji waandikwe kwa majina na nchi zao, wawe wa kwetu au wa nje. Tatu, tuwafundishe watoto. Mtoto wa Butiama anajua Mwalimu alizikwa hapo. Ajue pia kwamba Mwalimu alitaka Waafrika wasaidiane bila kujali mipaka.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija, tukapona, yeye akafa, deni limebaki kwetu. Mungu awapumzishe wote waliofia kwenye nyumba za wenzao, na awafariji mama zao na wake zao, popote walipo.